Sirkwi na Barabara ya Nzilo

Mama Adèle alikuwa amebanwa kwenye taksi-basi katikati ya wanaume wawili wasiojuana, beseni la samaki mapajani. Macho hayana pazia, wala masikio, aliyasikia yote.

"Sirkwi, ile njia ya mviringo ya pikipiki, imetosha, tata," alisema Zéphirin, kijana aliyepakata kofia ya pikipiki kama mtoto mchanga. "Pale tunazunguka tu, hakuna wa kwanza. Siku ya Mungu tunashindana mu barabara ya Nzilo. Bapolisi batafunga njia."

Mzee Barnabé, dereva wa lori la shaba, alicheka puani. "Batafunga, sawa. Na bambuzi, nani atabaambia?"

"Mi ku sirkwi sijaanguka hata siku moja."

"Sababu pale bote munaenda upande moja, mwana. Mu barabara, bitu binatoka kila fasi, kila upande."

"Niko na macho, tata."

Mama Adèle aliona kwamba mzee ana hoja na kijana ana raha, na hajawahi kuona raha ikishindwa na hoja.

Basi likasimama. Zéphirin akashuka, akazunguka nyuma ya basi ili avuke. Alitazama kushoto kwa makini, upande ule zinakotokea pikipiki kwenye sirkwi, akaona kweupe, akaingia barabarani. Lori likampigia honi kutoka kulia. Akaruka nyuma, kofia ikamponyoka na kubingirika hadi mtaroni.

Ndani ya basi, mzee alijongea dirishani.

Kijana aliiokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, kisha akatazama tena kushoto.