Pampu ya Mjomba Inalia

Benchi letu liko kati ya duka la vocha na ukuta wa kiwanda cha mbao. Mimi huuza kahawa hapo, na teksi ya Mjomba, kaka yake mama, huegeshwa mbele yetu ikisubiri abiria. Wiki mbili zilizopita baba yangu, ambaye ni fundi, alifungua pampu ya usukani ya teksi hiyo akabadilisha sili, ule mpira unaozuia mafuta kuvuja. Gari likatulia siku tatu, kisha likaanza kelele upya: ukikata kona, linalia kama mtu anayeumwa jino. Leo asubuhi Mjomba ametangaza kwamba saa kumi ataitisha kikao cha ukoo amshtaki baba kwa wizi wa pampu. Ametangaza huku ameshika kikombe changu. Pembeni yake walikuwa Injinia, ambaye hutengeneza redio, na Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini.

MJOMBA: Pampu yangu ilikuwa halisi. Shemeji kaiuza, kaniwekea kuukuu.

JAJI: Ushahidi?

MJOMBA: Alifunga geti la gereji. Saa tatu nzima! Mtu msafi anafunga geti?

JAJI: Hapo kakamatika. Haraka haraka haina baraka.

MIMI: Alifunga kwa sababu ya vumbi, Mjomba. Sili haitaki mchanga.

MJOMBA: Mpwa wangu, wewe mimina kahawa. Kesi ya wakubwa hii.

JAJI: Tena ni binti wa mshtakiwa. Mahakama haimsikilizi. Niongezee sukari.

INJINIA: Mimi naona makubwa kuliko wizi. Ule mlio nimeusikiliza vizuri. Mrefu, mfupi, mrefu. Pampu hailii hivyo.

MJOMBA: Sasa ni nini?

INJINIA: Kuna kidude ndani, kinatuma habari. Kila ukikata kona, kuna mtu mahali anajua umekata kona.

JAJI: Anajua ili iweje?

INJINIA: Wale abiria wake watatu wa kila asubuhi si wamehamia teksi nyingine? Nani aliwapa habari zake?

MJOMBA: Ehee!

MIMI: Walihama kwa sababu gari linapiga kelele.

JAJI: Binti, kimya kingi kina mshindo. Jamani, mimi nimebeba mafaili miaka ishirini, nayajua haya. Mafundi wote wa mji huu wana chama. Huyu anagawiwa breki, yule gia. Baba yake huyu kagawiwa pampu. Akitengeneza leo, anahakikisha inalia kesho.

MJOMBA: Wanakutana wapi?

JAJI: Umewahi kuwaona wakikutana?

MJOMBA: Hata siku moja.

JAJI: Basi! Chama cha siri ukikiona, ujue si chenyewe.

Mjomba akasugua magoti yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

MJOMBA: Na dada yangu je? Analala nyumba moja na mtu huyo. Kama alijua akanificha, basi naye mwizi. Kama hakujua, leo anafungasha mbele yangu, anarudi kwetu.

Kahawa niliyokuwa namimina ikaenda kwenye sinia.

Ndipo akaja mwanamke aliyevaa buti za kazi, begi begani.

MGENI: Habari zenu. Teksi hii inakwenda?

MJOMBA: Inakwenda, dada, ila inalia.

MGENI: Hebu iwashe. Zungusha usukani.

Mjomba akawasha, akazungusha. Gari likalia mpaka muuza vocha akachungulia dirishani. Mwanamke akaashiria lizimwe, akafungua boneti.

JAJI: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kwani dada wewe ni nani?

MGENI: Dereva wa lori. Mwaka wa kumi na moja huu.

Alifungua kikopo cha mafuta ya usukani, akachovya kidole, akanusa.

MGENI: Yana povu kama maji ya kufulia. Tena yananuka mafuta ya breki. Nani aliongeza?

Injinia aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

JAJI: Injinia?

INJINIA: Kidogo tu! Siku ya tatu niliona yamepungua, nikasaidia. Mafuta ni mafuta. Na wewe chupa ile ya maji uliipeleka wapi?

JAJI: Ile ilikuwa ya kupoza pampu.

MJOMBA: Mlifungua gari langu?

INJINIA: Gari la kijiwe, kaka. Na Jumatano ni nani aliyemimina ya injini humo humo?

MJOMBA: Na mimi kidogo tu.

MGENI: Haya. Na fundi alisemaje mlipomrudishia?

MJOMBA: Hatukumrudishia.

Injinia alimtazama Jaji. Jaji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hamkuwa na methali ndani.

“Usiiwashe tena,” mwanamke alimwambia Mjomba. “Pampu ikizunguka na mchanganyiko huo, itakufa kweli.” Akafunga boneti taratibu, akaenda kutafuta usafiri mwingine.

Mjomba alininyooshea kikombe bila kunitazama. Nikammiminia. Akanywa chote kikiwa bado cha moto.

“Baba yako yuko gereji?”

“Yuko.”

“Nataka nimwone kabla ya saa kumi.” Akainuka, akatoa funguo za gari mfukoni.

“Kwa miguu, Mjomba,” nikamwambia.