Macho ya Shangazi Hayana Kosa: Miaka Thelathini na Minne Masjala

Shangazi yetu wa masjala anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Jina la Shangazi alipewa na wauguzi wanafunzi, likamganda, mpaka wakuu wa idara wenye mvi kumshinda nao wakalichukua. Mimi ninayekaa naye meza jirani niliombwa niandike maneno mazuri na mafupi ya kusoma kwenye hafla hii ya kumuaga. Mazuri ninayo tele. Mafupi nitajitahidi. Lakini nimemwomba Mungu nisidanganye kwa kunyamaza, kwa hiyo na machungu yamo.

Alianza kazi enzi za faili za karatasi zilizofungwa kwa kamba. Ukimtajia mgonjwa aliyelazwa miaka kumi nyuma, alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye rafu, anavuta faili, anapuliza vumbi, kisha anakuuliza kama yule mama goti lilipona. Kompyuta zilipoletwa, sisi wa rika lake tulitaka kulia. Yeye alijifunza kwa wiki mbili, akageuka kutufundisha. Mimi nilikuwa nashika kipanya kama mtu aliyekamata mende. Hakunicheka, alinishika mkono tu.

Sasa nije kwenye kilichonichoma roho. Mwaka jana, mwezi wa tisa, msimamizi wa mtandao wa makao makuu, ambaye akiwa kwenye kiti chake anaziamuru kompyuta za matawi yote, alifunga mipangilio ya kivinjari, kile tunachofungulia kurasa za wagonjwa. Sababu ilikuwepo. Kuna mtu, simtaji na mwenyewe anajijua, aliyeweka mambo ya kubeti mpira kwenye kompyuta ya mapokezi, hadi mgonjwa anaona matokeo ya mechi kabla ya kusalimiwa. Kwa hiyo ukurasa wa kufungulia ukawa mmoja, kuongeza kitu marufuku, kubadili kitu marufuku. Shangazi alipiga makofi. Siri za wagonjwa si za kuchezea, alisema.

Ila yule bwana hakuishia kwenye kubeti. Alifunga na ukubwa wa herufi. Aliuweka asilimia sabini na tano, ili fomu nzima ienee kwenye ukurasa mmoja. Huko kwake skrini ni pana kama mlango. Zetu ni kama sinia la chai. Ukijaribu kukuza, kinatokea kijisentensi: mpangilio huu unasimamiwa na msimamizi wako. Nacho chenyewe hakisomeki!

Shangazi akaanza kufanya kazi amesimama, pua inagusa kioo. Mumewe ni fundi saa, akampa lenzi yake ya kukuzia. Nasi badala ya kumsaidia tukapata la kuchekea: jamani, saa ya kompyuta imeharibika, fundi keshafika. Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Mwezi wa kumi na moja ikatokea. Namba ya mgonjwa mmoja iliishia na 83, ya mwingine na 88. Mgonjwa akapewa kadi ya mwenzake. Shangazi aligundua mwenyewe dakika hiyo hiyo, akakimbia korido nzima na umri wake ule, akamwahi mlangoni kabla hajaingia kwa daktari. Nje ya masjala hakuna aliyejua. Akarudi, akafungua kitabu cha matukio, akajiandika. Tukamwambia, Shangazi, si umeshamwahi, unajichongea nini? Akajibu kwamba kitabu hicho hakikuletwa kwa ajili ya makosa ya wengine tu.

Malipo ya ukweli wake yakawa barua kutoka ofisi ya utumishi. Uwezo wake wa kuona haukidhi tena mahitaji ya kazi, iliandikwa, na kuanzia mwezi unaofuata ahamie stoo ya nguo za wodini. Mtu wa miaka thelathini na tatu masjala, akapelekwa kuhesabu mashuka! Hakuna aliyeuliza kwa nini macho yaliyoona vizuri mwezi wa nane yaharibike ghafla mwezi wa tisa.

Kabla hajahama, kijana mmoja wa maabara alijitolea kumwekea kivinjari kingine kwa mlango wa nyuma, na mimi nikamsukuma akubali. Shangazi alikataa katakata. Hawezi kupitisha siri za wagonjwa uchochoroni, hata kama yeye kaonewa. Aliandika maombi kwa msimamizi, moja baada ya jingine, kumi na moja. Majibu yalikuwa yale yale: ombi lako limepokelewa, asante kwa uvumilivu wako.

Mwezi wa tatu alipanga foleni kliniki yetu ya macho kama mgonjwa yeyote. Alisoma ubao, na miwani yake ile ile, karibu hadi mstari wa mwisho. Ndipo akamwomba daktari: baba, njoo ukae kwenye kiti changu cha zamani, dakika moja tu. Daktari akaja. Hajafika miaka arobaini na havai miwani. Akasoma namba tano kwa sauti, mimi nikiwa na orodha mkononi. Mbili alikosea. Alicheka. Akachukua karatasi ya kliniki, akamwandikia mganga mkuu: Mgonjwa, kompyuta ya masjala. Tatizo, herufi ndogo. Dawa, zikuzwe.

Mwezi wa nne msimamizi alikuja mwenyewe na begi lake zuri. Kazi ilimchukua muda mfupi kuliko kumimina chai, akafungua ukubwa wa herufi kwa matawi yote. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia. Maombi kumi na moja! Nilitaka kumjibu, Mungu akanishika ulimi. Leo kauachia.

Shangazi alirudi mezani kwake, na wiki hizi za mwisho hajakosea hata namba moja. Lakini barua ile bado imo kwenye faili lake, inasema macho yake hayafai, na Ijumaa atatoka getini ikiwa imemwandika hivyo. Mkuu wa utumishi, umekaa meza kuu, na ofisi yako ni ngazi kumi na mbili tu kutoka ukumbini. Tunaomba kwa heshima zote barua hiyo iondolewe kwenye faili kabla keki haijakatwa. Keki itasubiri. Na sisi tutasubiri.

Shangazi, ahsante kwa kutufundisha bila kutuaibisha. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya na miaka mingi ya kusoma unachotaka, kwa herufi kubwa kadiri utakavyopenda mwenyewe.