Mama Mishale na Tope Lililoandikwa Mbolea

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mama alikuwa akisema huyu alitembea kabla hajajua kukaa, na kukaa kwenyewe hakuwahi kukujua vizuri.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea kemia chuoni, na mwaka 1994 akaajiriwa na kiwanda cha maboksi. Kazi yake ilikuwa kufuatilia maisha ya boksi, tangu mti unapokatwa hadi boksi linapotupwa. Kila hatua aliichora kama chumba: mishale ya kuingia ni magogo, maji na umeme, ya kutoka ni maboksi, moshi, joto na tope. Ndipo wenzake wakamwita Mama Mishale. Nyumbani nako hatukupona. Ukiinjika birika tu, anauliza, "Huo mvuke unakwenda wapi?"

Fundi wa boila alipomwambia joto la bomba linapotea tu, alimjibu, "Hakuna kinachopotea, kaka. Kuna kinachokwenda usikokuona." Kesho yake fundi akarudi kwake, ingawa bomba lilikuwa zima. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996.

Miaka miwili iliyopita aliambiwa kwamba wakulima wanachukua tope la kiwanda kama mbolea. Akaamini, akalichora kama bidhaa badala ya taka. Ripoti yake ikatoka, kiwanda kikasifiwa kwa usafi. Baadaye roho haikumtulia, akalifuata lori mwenyewe. Lilimwaga tope bondeni, karibu na kisima cha mtaa. Tangu siku hiyo hakushikika. Aliandika marekebisho, akabisha hodi kila ofisi, na kila ofisi ikamwambia asubiri.

Mwezi Januari mwaka huu ini lilianza kumsumbua. Bosi wake alipokuja hospitali na machungwa, dada alimwambia, "Asante kwa matunda. Ule mshale wa tope urekebishe."

"Pona kwanza, dada," bosi akasema.

Hakupona. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni mwaka huu, nasi tumeumia sana.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Bosi wake yupo hapa, safu ya mbele. Tunamshukuru kwa kufika. Majirani wa bondeni nao wapo, na asubuhi ya leo wamechota maji kwenye kisima kilekile.

Lala salama, dada. Sisi tutalala ripoti ikisharekebishwa.