Kikombe cha Kipyenga

Asubuhi hiyo benchi letu, mbele ya kibanda cha Pancha fundi matairi, lilikuwa na jukumu. Kipyenga, refa wetu mstaafu ambaye sigara zimemmaliza mapafu, alikuwa anaenda hospitali kuwekewa valvu ndogo kifuani, kwa bomba linalopitia mdomoni, bila kisu. Kisu angekivumilia. Alichoogopa ni dawa ya usingizi, na sisi, pamoja na mwenzetu Redio asiyenyamaza, tulikaa pale kumtia moyo. Mungu atusamehe.

KIPYENGA: Daktari wa usingizi kaniambia wazi. Kwangu hewa inaingia, kutoka inagoma. Nikilala, mashine ikinipulizia haraka haraka...

PANCHA: Utapasuka. Matairi nimeyaona.

REDIO: Mwenzio anakwenda kutibiwa, wewe unamzika.

PANCHA: Naongea kitaalamu. Valvu ishike upepo, basi.

KIPYENGA: Yangu inautoa. Sehemu mbovu isinyae, nzima ipate nafasi.

PANCHA: Valvu ya kutoa upepo? Hiyo kwangu inaitwa pancha.

REDIO: Wahenga walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

PANCHA: Mgeni gani?

REDIO: Valvu. Ila Kipyenga, ile dawa inafungua mdomo. Ukilala unajibu kila swali. Jirani yangu alimtaja mke wa pili, na wa kwanza kakaa pembeni na uji.

PANCHA: Basi tumwulize ile penalti ya fainali.

KIPYENGA: Penalti ilikuwa halali.

Kikohozi kikambana. Kilipomwachia, macho yalikuwa yamelowa.

KIPYENGA: Jamani, naogopa. Kulala najua. Pumzi ikikataa kurudi je?

REDIO: Itarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatukuuliza ukuta umeingiaje. Tulimwonea huruma kwelikweli. Pancha akainua birika la kahawa, akamjazia kikombe cha pili, maziwa tele, na kipande cha mkate cha kumpa nguvu. Kipyenga alikipokea upesi mno kwa mtu asiye na pumzi.

Binti yake akatokea na mkoba wa hospitali.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, twende. Mwaka mzima tumeisubiri siku hii. Hujala kitu, sivyo? Daktari wa usingizi alikukanya mbele yangu: tumbo likiwa na kitu, kitapanda kikuingie mapafuni umelala, na leo hawatakugusa.

Binti akakiona kikombe mkononi mwa baba yake.

— Nani kampa kahawa?

Kipyenga akafuta maziwa kwenye masharubu. Kisha akanyoosha mkono uleule uliotoa penalti ya fainali, akamwelekezea kidole Redio, ambaye birika hakuligusa.