Siku ya Pai na Shibiri Iliyokosekana

— Wewe, unajua leo ni siku ya kuzaliwa ya nani?

Mwalimu alimtupia Mama Pindo swali hilo kabla hata ya salamu. Mama Pindo, mshonaji, hakuinua kichwa. Cherehani yake hukaa ubavuni mwa benchi, mbele ya duka la kinyozi, kwa hiyo hujifanya hasikii, na anasikia yote. Leo birika la kahawa alilipia Mwalimu, ndiyo maana Kinyozi na Fundi Redio, wenzake wa benchini, walikuwa na adabu ya ghafla. Mapajani mwa Mama Pindo kulikuwa na kitambaa cheupe cha meza ya mviringo, cha kuwekea keki ya harusi mchana huu. Lesi ya pindoni ilizunguka vizuri, ikazunguka, kisha ikaishia njiani. Pengo la shibiri nzima! Na lesi yenyewe ilitoka kwenye gauni la marehemu mama yake bibi harusi. Kipande kilichobaki alikuwa amekwisha kukikatakata, akatengeneza maua ya nywele. Shangazi yake bibi harusi alikuwa njiani kuja kukichukua kitambaa.

Mama Pindo alijua kosa lilipoingilia. Alikuwa anangoja mtu mmoja ajisemee.

— Ya nani? akauliza Kinyozi, akijimiminia kahawa.

— Ya pai! akasema Mwalimu. Ishirini na mbili Julai. Ishirini na mbili juu ya saba!

— Ebo! Si ulitunywesha kahawa ya huyo huyo mwezi Machi?

— Machi kumi na nne ni ya wanaotanguliza mwezi. Tatu, nukta, moja, nne. Sisi tunatanguliza tarehe.

— Mpwa wangu naye anazo mbili, akasema Fundi Redio. Moja ya mama yake, moja ya kuombea kazi.

— Ya Julai inakaribia ukweli zaidi, akasema Mwalimu kwa kiburi.

— Inakaribia tu? Yaani mwenye sherehe hata leo hajafika?

— Hafiki, bwana! Tarakimu zake hazina mwisho.

— Basi na kahawa isiwe na mwisho, akasema Kinyozi, kisha akachungulia mapajani mwa mshonaji. Dada, mbona hiyo lesi imekata tamaa?

— Imepungua, akajibu Mama Pindo. Alimtazama Mwalimu, si Kinyozi.

Mwalimu akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Imesinyaa hiyo, akasema Kinyozi. Umande. Mimi nywele nazijua, zikilowa zinapanda.

— Umande gani? akadakia Fundi Redio. Ni mawimbi ya minara. Yanatanua vitu vya mviringo. Hukuona masufuria ya siku hizi, vifuniko havifiti?

— Na kichwa chako je? Nacho cha mviringo.

— Ndiyo maana kofia zote zinanibana!

— Pengine cherehani imeimeza, akasema Mwalimu, akitazama barabarani.

— Cherehani yangu hula uzi, Mwalimu. Shibiri ya lesi haijawahi kuimeza.

Alitaka kuongeza kitu, akajitia sindano mdomoni. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha duara darasani. Siku ile Mama Pindo alipomuuliza hesabu ya lesi, alihisi kabisa kuna kadesimali kanafuata. Lakini nani abishane na Mwalimu kuhusu pai?

Shangazi akafika akihema, mkoba kwapani. Akakichukua kitambaa, akakizungusha kiganja kwa kiganja, mpaka kiganja kikaangukia kwenye pengo.

— Mama Pindo! Lesi ya wifi yangu hii. Nguo za maharusi wote wa ukoo nilikuwa nakuletea wewe.

— Najua, shangazi.

— Na hawa wanasherehekea nini, mimi nikiadhirika?

— Pai, mama, akasema Kinyozi, akijitia msomi. Ukipima upana wa duara, ukazidisha kwa pai, unapata mzunguko wake. Leo ndiyo siku yake.

Shangazi akawatazama mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya.

— Basi hapa mlizidisha kwa ngapi?

Kinyozi akamtazama Fundi Redio. Fundi Redio akatazama angani, pengine akitafuta mnara. Mama Pindo akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye mto wake taratibu, akakunja mikono. Shangazi akaanza kukikunja kitambaa ili aondoke nacho.

Mwalimu akaweka kikombe chini.

— Kwa tatu, akasema. Tatu kavu. Aliniuliza mimi nikiwa kwenye drafti, kete yangu inakaribia kuwa kingi, na huyu Kinyozi ananikodolea macho. Nikamwambia, tatu inatosha, mama, usinisumbue.