Sekunde Thelathini Alizozikataa Levis Nderitu

Baada ya miaka ishirini na miwili katika Kituo cha Mafunzo ya Usalama cha Kiamunyi, Bw. Levis Nderitu anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025.

Alitujia kutoka jeshini, akapewa somo la historia ya vita, ambalo wengi waliliona la kujaza ratiba. Hakukaririsha wanafunzi majina ya majenerali. Aliwauliza nani alijua nini, saa ngapi, na kwa nini hakuuliza zaidi. Hata tulipompeleka Kikopey kula nyama choma, alimhoji mchomaji mpaka nyama ikapoa.

Mwaka jana kamati ya kituo, Nderitu akiwa mjumbe, ilianza kuandika sera ya akili mnemba, na sisi wengine tukaalikwa kusikiliza. Rasimu ilisema mfumo ukiona hatari, na ofisa asipojibu kwa sekunde thelathini, uchukue hatua wenyewe. Wengi wetu, mimi nikiwemo, hatukuona shida. Nderitu akainua mkono, na kwa mara ya kwanza akatusimulia habari zake mwenyewe.

Mwaka wa 1993 alikuwa sajini katika kikosi cha kulinda amani ng'ambo. Redio ilisema msafara wa waasi unakuja, na amri ilikuwa kuushambulia ukifika darajani. Yeye aliomba darubini, akangoja. Yalikuwa matrekta, yamebeba akina mama na magodoro.

"Ripoti ilihesabu magari sawasawa," alituambia. "Haikujua tu ni ya nani. Wale watu waliokolewa na dakika nne za mimi kusitasita."

Mwenyekiti wa kamati, Bi. Chepngeno, hakuridhika. "Lakini mzee, adui wa siku hizi hangoji."

"Najua. Mwezi uliofuata nilisita tena, na rafiki yangu akafa. Bado nasema aamue mtu, ili awepo wa kuulizwa."

Kifungu kile kiliondolewa kwa tofauti ya kura moja tu. Januari sera inapitiwa upya, na kuna wanaotaka kukirudisha. Nimeteuliwa kukalia kiti cha Nderitu kwenye kamati. Sijawahi kuona vita, na nakiri naogopa.

Asante, Bw. Nderitu, kwa masomo yako na hata kwa wasiwasi uliotuambukiza. Tunakutakia mapumziko mema kule Subukia, wewe na mkeo Wariara, mvua za kutosha na afya njema. Ila tafadhali, simu usiizime.

Jepleting Kibii, Idara ya Mafunzo