Ghorofa ya Chini ya Keki

Benchi letu limeegemea ukuta wa jiko la Shangazi, ndiyo maana kahawa yetu ina ladha ya vanila hata siku tusiyoitaka. Tunaokaa hapo ni Muhuri, karani wa ofisi ya ardhi, anayeweza kuchelewesha hata salamu. Tangi, fundi bati. Kinyozi, ambaye duka lake hufunguliwa zaidi kwa ajili ya redio. Na mimi, mwenye birika. Kesho binti wa Muhuri anaolewa, na keki anaoka Shangazi, dada yake Muhuri wa tumbo moja. Keki zake za bati moja zinajulikana mtaa mzima, lakini ya ghorofa tatu hii ndiyo ya kwanza. Wakwe wamekwisha kutuma ujumbe wa adabu: ikiwa taabu, wao wana ya dukani, tayari. Adabu ile ilimkera Shangazi kuliko tusi.

Asubuhi hiyo akatoka na mwiko unaodondosha mchanganyiko.

— Nani alinipa hesabu hii?

Tukatazama vikombe vyetu.

— Nauliza! Ghorofa ya juu na ya kati ziko ndani ya oveni, zinaendelea vizuri. Sufuria ya chini nimemimina mchanganyiko wote uliobaki, umeishia katikati! Na beking pauda imeshaingia, haimsubiri mtu; usipookwa upesi unalala. Nani alisema mara mbili ya ile ya juu?

— Kamati ya harusi, dada, akasema Muhuri. Si mtu. Ni kamati.

— Kamati ina mikono ya kukoroga?

— Lilijadiliwa. Sufuria ya juu upana wake shubiri moja, ya chini shubiri mbili. Kwa hiyo mchanganyiko mara mbili. Likapita bila kupingwa.

— Nilipinga mimi!

— Hukuwa mjumbe.

Mwiko ukapanda juu. Kinyozi akasogea kidogo, kwa heshima.

— Kaka, uliniambia kazi yangu kuoka, hesabu niwaachie wenye hesabu. Haya, wenye hesabu ndio hawa? Niongeze kiasi gani?

— Tatizo ni sufuria, akasema Muhuri. Tangi kaitengeneza kubwa mno.

Tangi akaweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayevua saa kabla ya ngumi.

— Rudia.

— Nasema huenda kulikuwa na hitilafu ya utekelezaji.

— Hitilafu ni wewe! Uliniletea vipimo vimepigwa muhuri. Nani anapigia muhuri sufuria? Na siku ile nilikwambia, jaza ile ndogo maji, mimina kwenye kubwa, uhesabu zimeingia ngapi. Ukasema nini?

— Kwamba halikuwa kwenye ajenda.

— Ajenda! Shangazi akafoka. Mwanangu anaolewa kesho!

— Binti yangu, akasahihisha Muhuri.

— Nani alimlea binti huyo, mama yake alipokuwa hospitali? Kamati?

Hapo Muhuri akarudi kwenye kikombe chake, na ingefaa sote tumfuate. Lakini Kinyozi hajawahi kuona kimya akakiacha.

— Mimi naona mnajisumbua, akasema. Kichwa kikubwa na kidogo navinyoa kwa mashine ileile. Kinachoinua keki ni moyo wa mwokaji. Shangazi, punguza hasira tu, itajaa yenyewe.

— Nipunguze nini?

— Nimesema kwa mfano.

— Nikikugonga na mwiko huu kichwa kitajaa chenyewe, nacho tutakitolea mfano!

— Basi nisikilizeni mimi, akasema Tangi. Ghorofa ya chini hailiwi mapema. Naichonga ya bati, tunaipaka krimu, nani atajua?

— Atajua mkwe akiuma!

— Tutasema ni ya kizamani, ngumu kidogo.

Muhuri naye akapata nguvu.

— Kuna njia ya kiutawala. Kamati ikae sasa hivi, itangaze kwamba katika sherehe hii ghorofa ndogo ndiyo ya chini. Kubwa iwe juu. Tangazo likishatoka, ni wakwe watakaoonekana hawajui.

— Na ikianguka? nikauliza.

— Itakuwa imeanguka kwa mujibu wa utaratibu.

Shangazi akawageukia mmoja mmoja, akawasomea kila mtu yake: Tangi na mabomba anayoziba leo yakavuja kesho, Kinyozi na redio yake, mimi na birika langu, Muhuri na mafaili yanayozeeka mezani kwake. Kila aliyesomewa akajibu, na kila jibu likaleta lingine. Wapita njia wakaanza kusimama.

Mmoja wa waliosimama alikuwa bibi harusi mwenyewe, nywele zimefungwa kitambaa, anatoka kujaribu gauni.

— Shikamooni. Mnapigania nini?

Tukamweleza sote kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akageukia dirisha la jiko.

— Na ule mchanganyiko uliokwisha kumiminwa, nani ameuweka kwenye oveni?

Redio ya Kinyozi ilikuwa inatangaza bei ya saruji.

Tukaingia nyuma ya Shangazi. Sufuria ya chini ilikuwa palepale mezani. Mchanganyiko umelala, vitundu vyake vimepasuka vyote, umeshika ngozi juu kama uji wa jana. Shangazi akauchoma kwa kidole, alama ikabaki.

Akatoka, akachukua birika langu lililobaki nusu, akaimwaga kahawa yote mtaroni, akalisuuza, akalijaza maji. Akatafuta sufuria yenye ukubwa sawa na ile ya ghorofa ya juu, iliyokuwa bado ovenini.

— Tangi, jaza hiyo maji, mimina kwenye hiyo kubwa, hesabu. Kinyozi, mayai, na ganda likiingia utalitafuna. Wewe mwenye birika, pepeta unga.

— Na mimi, dada? akauliza Muhuri.

Akamkabidhi bakuli na mwiko.

— Wewe koroga. Na ukisikia umechoka, itisha kamati.